Chuma Kilichozidi Kwenye Nyota Moja

Nilijua kuna kitu hakiko sawa kabla sijajua ni kitu gani. Ilikuwa alasiri. Wanafunzi walikuwa wametoka kwenda kufagia uwanja, nami nimebaki kwenye maabara ya shule na kompyuta yangu, harufu ya spiriti ya somo la asubuhi ikiwa bado hewani. Kwenye kioo kulikuwa na mchoro wa nukta, kila nukta nyota moja. Karibu zote zilikuwa zimekusanyika mahali pamoja, zimebanana kama mbuzi waliojikinga mvua chini ya upenu. Moja tu ilikuwa imesimama juu, peke yake.

Nikaifuta. Nikapiga hesabu upya tangu mwanzo. Ikarudi palepale.

Mimi ni mwalimu wa kemia na fizikia kwenye shule ya sekondari hapa Biharamulo. Wakati huo nilikuwa nasomea shahada ya uzamili huku nafundisha. Msimamizi wangu, mama mmoja ambaye wanafunzi wake wote tulimwita Daktari, alikuwa chuo kikuu Dar es Salaam, nami niko huku, tunakutana kwa simu. Watu wakisikia napima nyota huniuliza darubini yangu ina ukubwa gani. Sina darubini. Zile zilizonipa kazi ziko kwenye milima ya nchi nyingine na sijawahi kuziona. Zinapokea mwanga, mwanga unapimwa, vipimo vinawekwa mahali ambapo mtu yeyote mwenye intaneti na subira anaweza kuvichukua. Subira nilikuwa nayo. Intaneti ilikuja na kuondoka ilivyotaka.

Kazi yenyewe naweza kuieleza kama ninavyowaeleza wanafunzi wangu. Kuna nyota zinazozaliwa pamoja. Kilimia, ambacho wakulima wa huku wanakiona kikichomoza jioni upande wa mashariki wakati wa mvua, ni kundi la namna hiyo. Wingu moja kubwa la gesi na vumbi linajikunja, linakatika vipande, kila kipande kinakuwa nyota. Kwa kuwa wingu ni moja, nyota hizo zinatakiwa kuwa na vitu vilevile kwa kiasi kilekile, kama maandazi yaliyokatwa kwenye donge moja la unga. Ukionja moja umeonja yote. Na kuonja huko tunafanya kwa mwanga. Ukiutandaza mwanga wa nyota ukawa rangi zake, kama upinde wa mvua, utaona ndani yake mistari myembamba myeusi. Kila elementi inanyonya rangi zake na kuacha mistari yake. Mstari wa chuma hauwezi kujifanya wa sodiamu. Mstari ukiwa mnene, kitu hicho ni kingi, na ukiwa hafifu, ni kidogo.

Kundi langu halikuwa Kilimia. Lilikuwa jingine, la mbali, ambalo macho matupu hayalioni na ambalo halina jina kwenye lugha yoyote ya huku. Daktari alinichagulia kwa sababu lilikuwa salama. Nilitakiwa kupima nyota zake zinazofanana na jua letu na kuonyesha kwamba zote ni sawa. "Nataka kazi itakayokwisha," aliniambia. "Mambo ya ajabu utayatafuta ukishapata cheti."

Nilimtumia ule mchoro. Hazikupita dakika nyingi akapiga.

"Hiyo iliyo juu si ya kundi hilo," alisema. "Ni mpita njia. Iko mbele yake au nyuma yake, wewe umeihesabu ndani."

"Nimeangalia mwendo wake, Daktari. Inakwenda upande uleule, kwa kasi ileile. Na umbali ni uleule."

"Basi umekosea joto lake. Ukikosea joto la nyota, kila kitu kinaharibika."

"Joto nimelirudia."

"Lirudie tena."

Nikalirudia. Nikaacha, nikasahihisha mitihani, nikarudi nikalirudia. Mwishowe nikafanya kitu ambacho ningekuwa na akili ningeanza nacho. Nilitafuta ndani ya kundi nyota nyingine yenye joto lilelile na uzito uleule, pacha wake kabisa, nikaweka mwanga wa moja juu ya mwanga wa nyingine, mstari kwa mstari. Chuma kilizidi. Nikeli ilizidi. Alumini, kalsiamu, titani, vyote vilizidi. Lakini kaboni ilikuwa sawasawa na ya pacha wake, na oksijeni vilevile. Halafu lithiamu. Nyota za umri ule huwa zimeshaiunguza sehemu kubwa ya lithiamu zilizozaliwa nayo. Pacha alibakiwa na kidogo. Hii yangu ilikuwa nayo tele, kama ndiyo kwanza imepewa.

Nilikaa nayaangalia yale majina ya elementi zilizozidi. Nimefundisha kemia muda mrefu. Nilijiuliza swali ambalo ningemuuliza mwanafunzi wa kidato cha tatu: vitu hivi ukivikuta pamoja, na vile vingine havijaongezeka, umekutana na nini?

Dirishani, kuzunguka bustani ya maua ya shule, kulikuwa na mawe yamepangwa na kupakwa chokaa. Nikayatazama. 

Nilimpigia mimi safari hii. "Daktari," nikasema, "kilichozidi ni jiwe."

Akauliza, "Umekaa?"

"Nimekaa."

"Na mimi nimepiga hesabu zako upya, kwa njia yangu. Sikutaka kukwambia mpaka uone mwenyewe. Watu wengine wameshakutana na nyota za namna hii kwenye makundi mengine. Ilikuwa na sayari zake, za mawe kama hii yetu. Kitu kikavuruga njia zao, zikaporomokea ndani. Imezila. Zimeyeyuka, na sasa unaziona kwenye ngozi yake. Hatuwezi kuapa, hakuna aliyekuwepo. Lakini sina maelezo mengine yanayokaa vizuri kuliko hayo."

"Sayari kubwa kiasi gani?"

"Ukikusanya hicho kilichozidi, mwalimu, ni zaidi ya dunia yetu nzima. Milima na kila kitu."

Mwanafunzi mmoja wa kike alikuwa amesimama mlangoni na fagio, anaomba ufunguo wa stoo. Nakumbuka mdomo wake ulivyokuwa unasogea na mimi sisikii. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza ya saruji. Mwanga ule niliuchukua mwenyewe, nikauhifadhi, nikaupima juma baada ya juma nikilalamikia umeme, na muda wote huo dunia nzimanzima zilikuwa zimesagika ndani yake. Ilibidi yule binti aniguse bega.

Mwisho wa juma nikaenda nyumbani Nyabusozi.

Baba yangu ni Msukuma. Alitoka Shinyanga akiwa kijana, akifuata ardhi na malisho, na hajawahi kubatizwa. Mama ni Msubi wa hapahapa Biharamulo, mwanakwaya mpaka leo. Sisi watoto tulikua tukisali kwa mama na kuchunga kwa baba, na hakuna aliyeona shida. Kitu kimoja tu cha baba tulikiona cha ajabu. Mvua ya radi ikianza, yeye anatoka ndani. Anavaa koti lake la mpira, anakwenda kusimama zizini katikati ya ng'ombe mpaka ipite. Tulikuwa tunachungulia na kucheka chinichini kwamba baba anaoga na ng'ombe.

Jua lilikuwa linazama tulipokaa kula, ugali wa muhogo na mboga ya mgagani. Nilikuwa na hamu ya kuwasimulia. Nilikuwa na furaha, kwa kweli, ile furaha ya mtu aliyeona maajabu na kunusurika. Nikaeleza kundi la nyota, wingu moja, mistari ya mwanga. Mama alikuwa anaitikia kwa heshima. Baba alikuwa anatafuna, sikio lake zima amelielekeza kwangu, maana lile jingine halisikii vizuri.

"Basi baba, moja ya zile nyota imekutwa imekula sayari zake," nikasema nikicheka. "Zimeliwa."

"Zimeliliwa?"

"Hapana, baba. Zimeliwa. Zimemezwa na moto."

"Nimesikia kwamba zimeliwa, mayu." Huniita mayu, yaani mama, kwa Kisukuma. "Mimi nauliza, zimeliliwa?"

Nikamwangalia mama. Mama alikuwa anaangalia bakuli.

"Na nani, baba? Hakuna watu huko. Ni mawe."

"Umejuaje hakuna?"

Nilifungua mdomo kama mwalimu. Ningeweza kumwambia kwamba dunia zilizo karibu hivyo na nyota yao zina moto tangu zinapoumbwa, kwamba wataalamu hawatarajii uhai kwenye mahali kama pale. Hayo ni kweli na ninayaamini. Lakini yeye aliuliza nimejuaje.

"Mwanga hauonyeshi jambo hilo," nikasema.

"Unaonyesha chuma."

"Ndiyo."

"Unaonyesha nikeli. Hii wanayoitafuta kule Bugarama."

"Ileile, baba."

"Lakini hauonyeshi kama palikuwa na mtu."

"Hapana. Hauonyeshi."

Akaweka tonge chini. Akanawa mkono taratibu, akainuka, akatoka nje kuelekea zizini. Hapakuwa na wingu hata moja.

"Ungeacha," mama akasema.

"Nimesema nini kibaya?"

"Ungeacha tu."

Asubuhi, baada ya kukamua, baba akaniita. Nikamwamkia, "Mwangaluka, baba." Akaitikia. Alikuwa amekaa juu ya gogo la mlango wa zizi, ndoo ya maziwa imefunikwa miguuni pake. Aliongea akiwatazama ng'ombe, si mimi.

"Wewe si wa kwanza kuniita baba," alisema.

Nilidhani nimesikia vibaya.

Aliniambia kwamba alipotoka Shinyanga hakuja Biharamulo moja kwa moja. Alikwenda Ngara, pande za Kasulo, akiwa na mke na watoto wawili, wa kike mkubwa na wa kiume anayetambaa. Ilikuwa kabla wakimbizi wa Rwanda na Burundi hawajaingia, ardhi bado ni pori na unalima unapotaka. Siku moja alipeleka ng'ombe mbali kunywesha, mvua ikamkuta huko, akalala kwa watu. Aliporudi hakukuta nyumba. Radi ilikuwa imeingia kwenye paa la nyasi, na wote watatu walikuwa ndani.

"Nikatuma habari nyumbani. Wazee wa ukoo wakaja. Wakasema aliyechukuliwa na radi haliliwi. Ukimlilia, unaiita irudi. Tukawazika siku hiyohiyo. Hakuna mwanamke aliyepiga yowe. Hakuna aliyekaa matanga. Wakaniambia hama hapa, usitaje jina la mtu, oa, anza upya. Nikatii."

Ng'ombe mmoja akapiga chafya.

"Jana umeniletea habari ya moto uliokula dunia na wote waliokuwemo, na hakuna aliyelia. Nawe unacheka."

"Baba, sikujua."

"Najua hukujua. Nani angekwambia?"

Sijui nilifikaje jikoni kwa mama. Nakumbuka moshi, na kwamba nilikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa. Nilikuwa nimeishi miaka yangu yote nikijitambulisha kuwa mtoto wa kwanza. Kwenye fomu za shule, kwenye posa, kwenye mazungumzo na wenzangu kazini: mimi ndiye mkubwa kwetu. Na kumbe nilikuwa na dada. Nilikuwa na kaka ambaye alikuwa bado anatambaa.

"Ulijua?" nikamuuliza mama.

"Nilijua kabla sijakubali kuolewa."

"Mbona hukutuambia?"

"Haikuwa habari yangu." Alikuwa anachambua maharage na hakuacha kuchambua. "Nimeolewa na mtu ambaye radi ikipiga anatoka ndani ya nyumba. Ulidhani sikuwahi kumuuliza anakwenda wapi?"

"Na wewe hukuogopa?"

"Niliogopa. Kila mlipozaliwa niliogopa. Ninyi mlikuwa mnacheka kwamba baba yenu anaoga na ng'ombe. Yeye alikuwa haamini paa." Hapo ndipo mikono yake iliposimama. "Mwanzoni alitaka kuwatoa na ninyi nje. Nikakataa. Nikamwambia watoto wangu watalala ndani na Mungu ataona."

Nilirudi zizini nikamuuliza baba kama anapajua mahali walipozikwa. Akasema Kasulo. Nikasema twende.

"Pameshalimwa pale," akasema. "Wamepita watu wengi mno."

Lakini shule ilipofunga, alinipigia simu mwenyewe. Alikuwa tayari amevaa shati la kwendea mnadani nilipomfuata.

Tulishuka kwenye barabara kuu ya kwenda Rusumo, malori ya Rwanda na Burundi yakitupita na upepo wake, tukaanza kutembea kwa miguu kuingia ndani. Baba hakupatambua. Alisimama kila baada ya hatua chache akizunguka na kutazama vilima. Palikuwa msitu, alisema. Palikuwa na miti hapa, na pale palikuwa na chui. Kambi zilipokuja, msitu ulikwisha kwa kuni, na sasa ni mashamba na nyumba za bati hadi juu. Nilianza kufikiria namna ya kumwambia turudi. Ndipo akaona mwamba kwenye ubavu wa kilima, mwamba mpana uliopasuka katikati, akaanza kwenda mbio kiasi kwamba mimi ndiye niliyekuwa nyuma.

Chini ya mwamba kulikuwa na shamba la mahindi na maharage, limepaliliwa vizuri. Katikati ya shamba palikuwa na kipande kisicholimwa. Kilikuwa kimezungushiwa mawe madogo, nyasi zake zimekatwa, na ndani yake kulikuwa na msalaba wa mti na maua ya njano yaliyokuwa bado hayajanyauka vizuri.

Baba alisimama. Nami nikasimama. Bibi mmoja aliyekuwa anapalilia upande wa pili akatuona, akaja na jembe mkononi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Mnamtafuta nani?"

Nikamuuliza mimi, "Bibi, pale kuna nini?"

"Pare ni watu wetu."

"Watu wenu?"

"Wakimbizi." Alikuwa mzaliwa wa Burundi, na kama wengi wa huku, l zake zilitoka kama r. "Wakati ure watu warikufa njiani, warizikwa popote. Nirifika hapa nikakuta vimwinuko. Nirijua ni wetu."

Akatueleza huku amesimama, bila haraka, kama mtu aliyezoea kueleza. Alikuja na watoto. Kipindupindu kikaingia kambini, yeye akaugua hajitambui, na mtoto wake wa mwisho akafa wakati huo. Watu walimzika. Alipopata nguvu aliuliza wamemzika wapi, na kila aliyemuuliza alimwonyesha upande mwingine. Miaka ikapita, akapata ruhusa ya kukaa, akapata shamba hili, akavikuta vimwinuko vitatu, kimoja kikubwa na viwili vidogo.

"Nikasema hawa watanitosha," akasema. "Nikitoka kanisani napita hapa. Nasari, naweka ua."

"Unawalilia?" baba akauliza. Lilikuwa neno lake la kwanza.

"Mwanzoni sana, mzee. Sasa nimezeeka, machozi yamepungua. Rakini naria."

Baba akakaa chini. Hakutafuta mahali pa kukaa, alikaa tu pale alipokuwa, juu ya udongo uliopaliliwa, mguu mmoja umekunjika vibaya. Nikadhani ameanguka. Nikamshika, akanisukuma mkono.

"Mama," akamwambia yule bibi, ingawa huenda walilingana umri, "hao ni wangu."

Bibi hakuelewa. Ikabidi nimweleze mimi: mke wake, binti yake, mwanawe, radi, kabla ya kambi. Nilipofika kwenye radi jembe likamtoka. Akaweka mikono yote miwili kichwani. "Yezu wanje," alisema, "Yezu wanje," kisha akapiga magoti mbele ya baba na kuanza kuomba msamaha, kwa Kiswahili na kwa Kirundi pamoja, kwamba ameiba wafu wa mtu, kwamba hakujua, kwamba angejua asingethubutu kuweka mikono yake pale.

"Inuka," baba akasema. "Inuka, mama. Mimi nilikatazwa kulia. Wewe umelia mahali pangu."

Akainuka nusu. Akamtazama baba, akanitazama mimi, na nikaona uso wake ukibadilika, wazo likiingia ndani yake ambalo lilikuwa halijafika.

"Sasa wangu yuko wapi?" akauliza.

Nilitamani ardhi ipasuke kama ule mwamba. Tulikuwa tumekuja kuchukua vya kwetu, na kwa kuvichukua tulikuwa tumemfukulia mwanawe na kumwacha bila kaburi, mchana kweupe, shambani kwake mwenyewe.

Baba ndiye aliyejibu. "Sijui, mama," alisema. "Lakini mwite hapahapa. Hawa watamkaribisha."

"Na msaraba? Wewe ni wa dini?"

"Mimi si wa dini. Uache."

Kisha akalia. Sikuwahi kumwona baba yangu akilia na sikujua angelia vile, kwa sauti ya juu, mdomo wazi, kama mwanamke aliyepiga yowe asubuhi ya msiba. Sauti ilipanda mpaka kwenye mwamba. Bibi naye akalia. Watu wakatoka kwenye nyumba za jirani, wakasimama pembeni ya mahindi, wengine wakavua kofia bila kujua wanamvulia nani. Nilisubiri kitu fulani, nakiri. Mtu wa sayansi mimi, nilitazama juu. Mbingu ilikuwa safi kabisa.

Bibi hakukubali tuondoke bila kula. Tulikula kwake ugali na maharage, na baba alimsimulia bibi jinsi binti yake alivyokuwa anaogopa kuku, na bibi akamsimulia jinsi wa kwake alivyokuwa hataki kulala bila kushika sikio la mtu. Mimi nilikaa katikati yao kama mgeni.

Kazi yangu ya shahada ilipita. Siku ya kuitetea, nilipofika kwenye ile nyota, niliweka karatasi zangu chini, na mmoja wa watahini akanisogezea maji akidhani ni woga. Akaniuliza kama nina hakika kwamba kilichozidi ni sayari na si kosa la kipimo. Nikamwambia nina hakika kadiri mwanga unavyoruhusu. Nikaongeza kwamba kuna mambo ambayo mwanga hauonyeshi. Akasema hilo si jibu la swali lake. Daktari, ambaye nilikuwa nimemsimulia yote, aliangalia karatasi zake. Kwenye maandishi yenyewe imebaki sentensi moja, kwamba nyota hiyo inaelekea kuwa ilipokea maada ya mawe baada ya kuzaliwa. Ni sentensi sahihi.

Ilibaki wadogo zangu waambiwe. Baba hakutaka nifanye mimi. Jumapili moja mchana tulianza kwa kumpigia mdogo wangu aliyeko Mwanza, tukaweka simu juu ya meza na sauti wazi, mama akiwa amekaa pembeni na kanga yake ya kanisani. Baba akasimulia yote, kuanzia Shinyanga.

"Upo?" nikauliza.

"Nipo." Sauti yake haikuwa yake. "Baba, walikuwa wanaitwaje?"

Baba alikohoa. Akayataja, la binti kwanza, kisha la mtoto wa kiume, kisha la mama yao, polepole, na mama yangu akayarudia moja baada ya jingine ili aliyeko Mwanza asikie vizuri.